Aliyeniibia unga akifagia soko, haki imetendeka?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Nauza unga katika soko la komine yetu ya Kenya, hapa Lubumbashi. Kijana mbeba mizigo ameniibia mifuko miwili. Mume wangu anataka apelekwe jela ya Kasapa. Mama yake anaomba alipe kidogo kidogo, na afagie soko kila asubuhi kwa miezi mitatu. Nikikubali, si nitakuwa nimebariki wizi?

Jibu: Milele na milele, Mama. Fungua Kutoka 22. Aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, anarudisha wanne; akikutwa naye angali hai, anarudisha wawili. Asiye na kitu aliuzwa atumike, jambo ambalo leo hatulikubali. Lakini tafuta mahali Musa anaposema mwizi afungwe miaka: hutapaona. Katika Walawi 24 mtu anawekwa kifungoni, ila ni kungojea hukumu tu. Wizi ni deni, na anayedai ni wewe.

Sasa akifungwa, nani atakulipa? Mama yake ndiye atakayekuwa anafunga sahani ya bukari (ugali) kwenye kitambaa na kusimama nayo juani mlangoni, maana jela zetu unazijua. Adhabu itamwangukia ambaye hakuiba. Paulo, naye akiwa mfungwa, anamwambia mwizi katika Efeso 4:28 afanye kazi kwa mikono yake apate cha kumgawia mhitaji.

Nchi ya Kenya (si komine yetu!) ina sheria ya namna hiyo tangu 1998: kwa kosa la kifungo kisichozidi miaka mitatu, hakimu anaweza kumpa mkosaji kazi ya umma bila malipo. Hakimu, Mama; si mume wako, wala si mimi. Ninyi mnaweza kupatana tu, kwa hiari, mbele ya mashahidi. Angekuwa ameshika kisu, au amemgusa mtoto wa watu, ningekuambia nenda tribinali leo hii.

Kijana akiri mbele yako kwanza. Asivishwe kibao shingoni. Sote tumefanya salongo, ile kazi ya umma ya pamoja; ufagio si aibu. Na afagie soko, asilime shamba la mtu, hata la paroko.

Mume wako awepo siku hiyo. Kama unga umepanda, andikeni bei ya leo. Hesabu 5 inaongeza sehemu ya tano juu yake. Hiyo unaweza kumsamehe, ukipenda.