Re: Daftari linaniishia ukurasa wa tatu kila mara

Salama mdogo wangu. Kama nimekupata vizuri, umenunua daftari ili ujifunze maisha kwa kuandika, ila kila usiku unaishia "leo nimechoka" afu unafunga. Kwanza angalia saa unayoandika. Usiku utaandika uchovu tu, jaribu palepale jambo linapotokea. Mi nilianzia mnadani Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, naandika bei ya ndoo ya dagaa, nani kanunua, nani kakopa na kasema nini, basi, hisia siziweki (zinajileta zenyewe bwana). Kusi lilipoanza kuvuma ngalawa nyingi zikawa hazitoki, samaki bei juu, kila mtu anakopa, nikafungua kurasa za nyuma nikaona wanaolipa ni wale wasioongea sana, na mshkaji wangu wa "kesho mwanangu" yupo karibu kila ukurasa. Kumkopesha nikaacha, salamu tunapeana. Tarehe usisahau, hata kama ni mstari mmoja, na maneno ya mtu yaandike alivyoyatamka usiyapambe. Mambo ya kuandika kwenye simu hapo sina uzoefu, wengine watakujibu.