Maswali na majibu: Mifupa iliyofukuliwa shambani, je, DNA itathibitisha ni ya babu yetu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Tuko upande wa Mambrui. Kaka yangu alikuwa akichimba shimo la choo kwenye shamba la marehemu babu, akakuta mifupa ya mtu pamoja na vigae vya vyungu. Siku chache baadaye akaja bwana mmoja anayesema ni wakala wa maabara ya ng'ambo. Ametaka kipande cha mfupa, mate ya baba yetu na pesa. Atatuletea cheti cha DNA kuonyesha kwamba huyo ni babu yetu, mkulima wa Kibantu wa miaka elfu mbili iliyopita, ili tukitumie kwenye kesi ya shamba. Kwa baba sisi ni Wagiriama. Nyanya mzaa mama ni Mswahili na kwao husema asili yao ni Shirazi, kule Uajemi. Je, DNA inaweza kuamua hayo yote? – Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimpe mfupa, msimpe mate, msimpe shilingi. Cheti anachowaahidi hakuna maabara duniani inayoweza kukitoa kwa uaminifu, na nitakueleza kwa nini, maana swali hili linanifikia kila mara na wanaolipia uongo huu ni watu wasio na cha kupoteza.

Naelewa imani hii imetoka wapi. Tangu Aprili 2023, miili ya waumini wa mhubiri mmoja ilipoanza kufukuliwa msitu wa Shakahola, watu wa Malindi waliwaona jamaa wakitolewa sampuli, na kuanzia Machi 2024 familia zikaanza kukabidhiwa wapendwa wao baada ya DNA kulinganishwa. Watu wakashika kwamba mfupa ukipimwa hutaja jina la mwenyewe. Lakini pale waliolinganishwa ni mzazi na mwanawe, ndugu na nduguye. Mtoto hupata nusu ya DNA yake kwa mama na nusu kwa baba, kwa hiyo uhusiano huo hauna pa kujificha. Ukipanda vizazi kadhaa juu, mgao kutoka kwa kila babu unapungua hadi unatoweka. Vizazi 10 nyuma una nafasi 1,024 za mababu. Vizazi 20 nyuma, yaani kama miaka 500 au 600 tu, nafasi zinapita milioni 1. Watu wa kuzijaza hawakuwepo katika pwani hii, kwa hiyo babu mmoja anarudi mara nyingi kwenye ukoo wako, na huyo huyo yumo kwenye ukoo wa jirani mnayeshtakiana naye. Tena wengi wa hao hawakukuachia hata kipande kimoja cha DNA, ingawa ni mababu zako kweli.

Basi kama mtu wa shambani kwenu aliishi miaka elfu mbili iliyopita na kizazi chake hakikukatika, yaelekea ni babu wa karibu kila mtu kati ya Mto Tana na Mombasa. Hilo hakimu atalifanyia nini?

Sasa nije kwenye kosa linaloniudhi kuliko yote. Watu wanadhani ndani ya DNA kumeandikwa kabila. Hakuna jeni la Ugiriama. Hakuna jeni la Ushirazi. Hakuna jeni la lugha za Kibantu wala la ukulima. Lugha, dini, jembe na jina la ukoo mtu hufundishwa na waliomlea. DNA ya kale inaonyesha kitu kimoja: kundi lililozikwa hapa linafanana kiasi gani na makundi mengine yaliyokwisha kupimwa. Kwamba marehemu alikuwa mkulima tunakijua kwa njia nyingine kabisa: punje za mtama, mawele au wimbi zilizoungua zikabaki kwenye udongo, aina ya vyungu, hali ya meno, na kaboni iliyo ndani ya mfupa wenyewe. Mtama na mawele huacha alama ya kaboni iliyo tofauti na ya mchele au kunde. Hapa pwani hata hilo lina mtego, kwa sababu samaki wa baharini huleta alama inayokaribiana na ya mtama, ndiyo maana nitrojeni nayo hupimwa. Samaki huyo huyo huvuruga hata umri: mfupa wa mtu aliyekula sana vya baharini huonekana wa kale kuliko ulivyo, kwa mamia ya miaka, hesabu isiporekebishwa. Huyo wakala aliyetaja miaka elfu mbili kwa kuangalia tu, amepima kwa nini?

Historia ya wakulima wenyewe ni tamu kuliko cheti chake. Waliokuwa wakizungumza lugha za Kibantu walianza kusambaa kutoka mpakani mwa Nigeria na Kameruni kati ya miaka 5,000 na 4,000 iliyopita, na katika karne za kwanza baada ya Kristo walikuwa wamefika pwani yetu, wakiacha vyungu ambavyo wanaakiolojia wameviita kwa jina la Kwale. Mwaka 2017 kundi la wanasayansi lilichapisha DNA ya Waafrika 16 wa kale. Malawi, wawindaji walioishi huko kati ya miaka 8,100 na 2,500 iliyopita hawakuacha urithi unaoonekana kwa wenyeji wa leo; wakulima walichukua nafasi yao karibu yote. Lakini katika pango la Panga ya Saidi, hapa hapa Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka baharini, kuna mtu wa miaka kama 400 iliyopita ambaye asili yake bado ilikuwa ya wawindaji. Fikiria: Wareno walikwisha kutia nanga Malindi, wakulima walikuwa wamelima nchi hii zaidi ya miaka elfu, na majirani zao wa msituni bado walikuwa na ukoo wao. Sasa nani atasema mfupa wa Mambrui ni wa mkulima kwa sababu tu umekutwa karibu na vigae?

Kuhusu nyanya yako, mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa watu 80, ukiwashirikisha mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba na maabara ya DNA ya kale ya David Reich, kule Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mifupa ilitoka Manda na Faza upande wa Lamu, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, miongoni mwa mahali pengine, mingi ya kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi walionekana na asili mbili. Zaidi ya nusu mara nyingi ilikuwa ya Kiafrika, na imepita hasa kwa akina mama. Sehemu ya Asia ilikuja hasa kwa wanaume wenye asili ya Uajemi, pamoja na mchango kiasi wa India, na kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, asili ya Arabuni ikazidi.

Utafiti huo ulipotoka, kila upande ulichukua nusu yake. Mmoja ukasema, mnaona, sisi ni Waajemi. Mwingine ukasema, mnaona, nyinyi ni Waafrika tu. Niliumia, kwa sababu wale marehemu walikuwa yote mawili, na waliozikwa karibu na misikiti ya mawe walikuwa wenye nafasi zao. Hawawezi kusemea kila mvuvi na kila mkulima wa zama zile. Masimulizi ya nyanya yana msingi, lakini utafiti ule haumtaji yeye.

Na ujue kazi hii inataka nini. DNA hukatika upesi kwenye joto na unyevu kama wa kwetu. Kinachobaki ni vipande vifupi, aghalabu chini ya herufi 100 (ndivyo tunavyoviita viungo vidogo vinavyofuatana kwenye DNA kama maandishi), kwa hiyo hutafutwa kwenye mfupa mgumu ulio ndani ya sikio, na mara nyingi hata huo hutoka mtupu. Herufi za mwisho wa vipande hubadilika kwa uzee, na badiliko hilo ndilo linalotuhakikishia kuwa tumesoma DNA ya marehemu wala si ya aliyemshika kwa mikono mitupu. Mtu anayebeba mfupa kwenye mfuko wa plastiki hajui kazi hii, au anaijua na hajali.

Na vile vipimo vya mate vinavyouzwa, vya asilimia kadhaa za hiki na kile, hulinganisha mate yako na watu walio hai waliomo kwenye hifadhi ya kampuni. Waafrika humo ni wachache, wa pwani yetu ni wachache zaidi. Asilimia hizo msizipeleke mahakamani, wala kwenye mazungumzo ya mahari, wala kwenye baraza la kumwambia mtu arudi kwao. Nimeona familia ikigawanyika kwa karatasi kama hiyo. Pwani hii imeibiwa vya kutosha: vigango vya Wagiriama, zile nguzo za mbao za kuwakumbuka wafu, viling'olewa makaburini vikauzwa ng'ambo, na vichache tu vimerudi. Mifupa ndiyo inayofuata, na safari hii tunaombwa tulipie wizi wenyewe.

Mfanye hivi. Mwambie kaka aache kuchimba, afunike shimo, asioshe wala asihamishe kitu. Pigeni ripoti polisi kwanza, kwani hakuna anayejua kwa macho kama mifupa ni ya kale au ya juzi. Kisha fikeni ofisi za Makavazi ya Kitaifa pale Malindi au Gede. Sheria ya mwaka 2006 inataka vitu vya kale vikigunduliwa viripotiwe, na huwezi kuchimba wala kuvitoa nchini bila kibali. Muwaite pia wazee wenu wa Kigiriama na imamu wa Mambrui, kwa kuwa hatujui marehemu alizikwa kwa dini gani. Kesi ya shamba ipelekeni kwa hati, ramani za upimaji na mashahidi walio hai.

Wakala akirudi, mwombeni kibali chake na jina la maabara yake, mbele ya mzee wa mtaa. Kama mlikwisha kumpa chochote, andikeni siku na kiasi, mkapeleke karatasi hiyo hiyo kituoni mnapokwenda kuripoti mifupa.