Siku ya 10 baada ya katheta ya moyo: mbio bado

Kaka, pole, na hongera kwa kutoka salama. Umeuliza kama siku ya 10 baada ya kuunguzwa moyo kwa katheta (mrija mwembamba unaopitishwa mshipani kutoka kinenani hadi moyoni), ili kutibu mapigo yanayokwenda ovyo, unaweza kurudia kilomita zako 10. Mimi ningesema bado. Kidonda cha kinenani hupona upesi, na ndicho kinachotudanganya. Makovu ndani ya moyo huchukua miezi miwili mitatu kukomaa. Kwa hiyo moyo ukirukaruka kipindi hiki, si lazima tiba imeshindwa. Wangu ulirukaruka, usiku hasa, nikadhani nimetupa hela.

Anza kutembea tambarare, kwa mwendo wa kupiga soga bila kuhema. Vyuma na ndoo za maji waachie wengine kwanza. Mbio ni mpaka daktari wako wa moyo akuruhusu. Dawa ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa uamuzi wako, hata ukijisikia mzima.

Kinena kikivuja damu, lala ukandamize kwa nguvu, isipokoma, hospitali. Homa, maumivu ya kifua, shida ya kumeza au mdomo kupinda, hata wiki ya nne, usisubiri siku ya kliniki: nenda dharura saa hiyohiyo, useme ulifanyiwa katheta.