Shangazi, tuchukue mkopo wa halmashauri kwa ajili ya sanaa?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha sanaa hapa Igoma, Mwanza. Tuko kumi na wanne. Kila Jumamosi tunawafundisha watoto bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, na tumeshachora kuta za shule mbili za msingi. Hatumtozi mtu na hatugawani faida. Kaka yangu anaishi Minnesota, Marekani. Anasema huko vikundi kama chetu hupewa fedha na serikali ya jimbo. Sisi tumeambiwa tukachukue mkopo wa vijana. Tuchukue?
Katibu, Igoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msichukue.

Kaka yako hajakudanganya. Mwaka 2008 wapiga kura wa Minnesota walikubali katiba ya jimbo lao ibadilishwe, kodi ya mauzo ikaongezwa kwa asilimia 0.375 kwa muda wa miaka 25. Fedha hizo zinakwenda kwenye maji, misitu na wanyamapori, na hifadhi za mapumziko, asilimia 19.75 ni ya sanaa na urithi wa utamaduni. Kikundi kikipewa, ni ruzuku. Hakirudishi, ila lazima kieleze kila senti ilikokwenda.

Ule mliotajiwa ninyi ni kitu kingine. Halmashauri zetu zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, na nimeona mama lishe akiinuka kwa mkopo huo. Lakini mama lishe anauza chakula kila siku. Ninyi mnafundisha bure! Marejesho ya mwezi wa kwanza yatatoka mfukoni mwa nani? Hata Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, ambao wasanii wengi wanausifu, unakopesha, kwa hiyo unamfaa zaidi mwenye kazi ya kuuza.

Nalisema hili kwa uchungu. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha ngoma Kisesa, tukakopa kwa mkopeshaji mmoja ili tununue mavazi na ngoma mpya. Masika yakaingia, harusi zikapungua, deni likabaki palepale. Nilisimama mlangoni nikitazama ngoma yetu kubwa ikifungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, ngozi ikiwa juu, bado ina alama nyeusi pale viganja vilipokuwa vikipiga. Kikundi hakikurudi tena. Sitaki watoto wa Igoma wayaone hayo.

Sasa tazameni ukuta. Shule za msingi za serikali ziko chini ya halmashauri, na ukuta mnaouchora ni mali yake. Kwa hiyo msiende kuomba “msaada kwa sanaa”, maana barua ya namna hiyo inaishia kwenye faili. Nendeni na mwalimu mkuu, muombe rangi ya ukuta wa shule fulani: mita ngapi, ndoo ngapi, bei ya dukani leo, na picha ya kuta mlizokwisha kuchora. Ombi hilo linaweza kuingia kwenye bajeti kama mahitaji ya shule. Ofisa utamaduni apewe nakala, atawasemea.

Ila kuna saa yake. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, na madiwani wanajadili bajeti miezi kadhaa kabla ya hapo. Vipaumbele huanzia kwenye mkutano wa mtaa, vikapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani. Anayebisha hodi mwezi Juni anakuta sahani zimeshaoshwa. Muwepo mtaani mapema, wengi, na wazazi wa watoto mnaowafundisha wawepo pia. Mzazi mmoja akisimama kusema anashinda barua tano.

Kwa upande wa ngoma, acheni kucheza kwa soda. Mkiitwa na ofisi ya umma kwenye sherehe au Nanenane pale Nyamhongolo, ombeni mwaliko wa maandishi wenye kiasi cha malipo, mkimaliza pelekeni ankara. Hayo ni malipo ya kazi, na kikundi kisichogawana faida kinaruhusiwa kulipwa, mradi fedha zirudi kwenye kazi yake.

Usajili hujautaja. Kama hamna, anzeni na ofisa maendeleo ya jamii, mfungue akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na watia saini wasiwe wa nyumba moja. BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, nako mkaulize kibali cha maonyesho yenu.

Na risiti, mwanangu. Zile za mashine ya EFD zinafifia. Mimi nilizihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, mkaguzi alipokuja nikamwagia mezani vikaratasi vyeupe pee, havina hata namba moja. Piga nakala siku hiyohiyo, andika kwa kalamu tarehe na kilichonunuliwa, bandika kwenye kauntabuku.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa, niandikie mliomba nini na mlijibiwa nini.