Behewa linapakuliwa au linashushwa?

Kuna msomaji anaandika kuhusu vimji vidogo vya Marekani miaka ya 1940, enzi zile treni ya mizigo ikipita inaacha behewa moja kwa muuza makaa ya mawe, jingine kwa muuza mbao. Yeye kaandika "walipakua behewa", mwenzake akamkatalia, eti kinachopakuliwa ni mzigo, aandike "walishusha behewa". Nani yuko sawa?

Uko sawa wewe ndugu yangu, mwenzako ndo kaharibu. Pakua haibagui, unapakua meli na unapakua shehena, kama vile unavyopakia lori na kupakia mahindi na hakuna anayeshangaa. Shusha ndo ina masharti, inataka kile kinachotoka juu kuja chini, kwa hiyo ukiniambia walishusha behewa mi naona winchi na behewa zima linaning'inia hewani. Sema walishusha mzigo, utingo yeyote anakuelewa.

Ila kwa stori yako nisingeng'ang'ania pakua kila mstari, maana kazi zenyewe hazikufanana. Makaa yakija kwenye behewa lenye milango ya chini, hayo yanamwagwa, behewa linasogezwa juu ya shimo, milango inafunguliwa, yanaporomoka yenyewe. Yakija kwenye behewa la wazi lenye sakafu bapa basi ni watu na mabeleshi, na kipindi cha baridi kali yakishagandana hakuna kumwaga wala nini, yanagongwa kwanza kwa mtaimbo mpaka yaachie. Mbao sasa, lile behewa la kufunikwa la futi 40 mlango wake mara nyingi ulikuwa futi 6 tu na ubao unaweza kuwa futi 16, hautoki kimafungu, mmoja anakaa ndani anausukuma kimshazari mwingine yuko nje anaupokea, mmoja baada ya mwingine mpaka behewa liishe. Hapo andika "walizichomoa", shughuli itaonekana. Petroli ilivutwa kwa pampu mpaka kwenye matangi ya muuzaji, ingawa watu wa sheli husema "kushusha mafuta" kila siku na sina ugomvi nao.

Halafu umeweka "makuli wa stesheni". Watoe hao. Mzigo wa behewa zima aliupakua aliyeuagiza, yaani mwenye duka na vijana wake, sio watu wa reli, na asiye na reli iliyofika kwake alileta lori au mkokoteni wa farasi ubavuni mwa behewa pale stesheni. Kwa kawaida walipewa saa 48 bure, baada ya hapo wanaanza kulipia kila siku. Malipo hayo umeyaita "kodi ya behewa", inasomeka kama vile jamaa kapanga humo na familia. Andika demareji tu, mtu yeyote aliyewahi kutoa mzigo bandarini anaijua na ilishamuuma.