Kwa wadogo zangu mnaofunga Pi ya muziki isiyo na skrini

Jumamosi iliyopita bwana mdogo mmoja alitoka Ujiji hadi kwangu Mwanga, hapa Kigoma, amepakia televisheni ya inchi 32 kwenye bodaboda. Alitaka tuichomeke kwenye Raspberry Pi yake, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, tuone kwa nini "imekufa". Haikuwa imekufa. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa, ila hakuweka jina la mtumiaji wala hakufungulia SSH (njia ya kuiamuru mashine kutoka kompyuta nyingine kwa mtandao), kwa hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia. Huyo ni wa tatu mwaka huu. Naipenda hamu yenu, na ndiyo inayonifanya niandike, lakini jamani, kosa hilohilo mpaka lini?

1. Mlango kwanza. Masomo mengi mnayofuata ni ya zamani. Yanawaambia muingie kwa "pi" na nywila "raspberry". Mtumiaji huyo aliondolewa Aprili 2022, na SSH huja imefungwa tangu mwishoni mwa 2016. Kabla hujaandika mfumo kwenye kadi ya kumbukumbu, jaza kila kitu kwenye Imager, programu ya kuandikia kadi hiyo: jina la mashine, mtumiaji, nywila, Wi-Fi, SSH. Nchi weka TZ, maana bila nchi Wi-Fi inaweza kubaki imezimwa, nawe ukaanza kuilaumu ruta bure.

2. Umeme. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3. Chaji ya simu ya zamani haifiki huko. Mwenye skrini huonyeshwa alama ya radi pembeni volti zikishuka chini ya 4.63. Wewe huna skrini, kwa hiyo utasikia tu muziki unakwaruza, kisha utakwenda kununua spika nyingine. Iulize yenyewe kwa kuandika amri hii: vcgencmd get_throttled. Ikijibu 0x0, umeme uko sawa, endelea na kazi. Ikijibu 0x50005, volti zimeshuka, badilisha chaji leo, usingoje mwisho wa mwezi.

3. Sauti isiyotoka. MPD, programu inayocheza muziki kwenye Pi, inacheza, muda unasonga, spika kimya. Mara nyingi sauti inakwenda HDMI, kwenye tundu la televisheni lisilochomekwa kitu. Andika aplay -l upate orodha ya vifaa vya sauti, tafuta DAC yako (kifaa kinachogeuza muziki wa kidijitali kuwa sauti ya spika), na kwenye mpd.conf, faili la mipangilio ya MPD, itaje kwa jina, si kwa namba, kwa sababu namba hubadilika mashine ikiwashwa upya.

4. Hifadhi. Hapa nitakaa kidogo.

Babu yangu alikuwa mvuvi wa Ujiji. Miaka ya themanini mama alimrekodi kwa redio kaseti, akisimulia safari za ziwani, pepo za usiku, majina ya mitumbwi na ya watu waliokwenda wasirudi. Kaseti 22, kila moja ya dakika 60. Nilipofunga Pi yangu ya kwanza nikamwahidi mama kwamba atamsikiliza baba yake kwa kugusa simu tu. Nikakaa wiki tatu, jioni hadi jioni, kaseti moja baada ya nyingine, sauti ileile ya CD, kilohezi 44.1 na biti 16. Kila kaseti ilikula karibu MB 635. Jumla ni kama GB 14. Nikaziweka kwenye flashi ya GB 128 niliyonunua kwa bei ya chakula cha mchana.

Nilipomaliza nikafungua faili la kwanza, likacheza. La pili, likacheza. Nikatazama orodha: majina 22 yapo, ukubwa uko sawa. Kaseti zenyewe zilikuwa zimeota ukungu, baadhi zinanata. Nikazichoma nyuma ya nyumba pamoja na majani ya mwembe.

Baada ya siku nne mama aliniuliza mbona babu anyamaza. Kuanzia faili la 13 hakukuwa na kitu. Flashi ile ilikuwa ghushi: ilijitangaza GB 128, ndani ina 8. Ilipojaa haikukataa, haikutoa onyo lolote, iliendelea kupokea na kutupa, huku orodha ya majina ikibaki salama kwa sababu inakaa mwanzoni. Kaseti 12 zikapona, 10 zikaondoka. Niliichomeka kwenye kila programu ya kufufua mafaili niliyoijua, usiku tatu mfululizo. Huwezi kufufua kitu ambacho hakikuandikwa.

Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniachia hata maganda yake." Faili la 12 linakatika babu akiwa katikati ya hadithi ya mtumbwi uliopotea njia. Mama anajua ulikoishia. Sijamwomba anisimulie.

Kwa hiyo, kila flashi na kila kadi mpya ipimeni kwa F3, programu ya Linux inayopima ukubwa wa kweli wa hifadhi, kabla ya kuweka chochote. Kwenye Windows ipo H2testw. Ni kazi ya saa chache, mashine inaifanya yenyewe nawe umelala. Wekeni nakala mbili sehemu mbili tofauti. Sikilizeni faili la mwisho, si la kwanza. Na kaseti ya mzee wa mtu haichomwi.

5. Kuzima. Andika sudo poweroff, subiri taa ya kijani itulie, ndipo uchomoe. Huku kwetu umeme hukatika bila kuuliza, kwa hiyo muziki kaa nao kwenye diski ya pembeni, mbali na kadi ya mfumo. Kadi ikiharibika unaandika nyingine kwa nusu saa.

6. Anwani. Ifunge IP ya Pi (namba yake ya mtandao) kwenye ruta isibadilike, usiitafute upya kila asubuhi.

7. Radi zikianza juu ya ziwa, chomoa waya wa mtandao pia, si wa umeme peke yake.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nne. Njooni na Pi, chaji yake na flashi zenu zote tuzipime. Televisheni iacheni nyumbani.