Usifute diski, mwanangu: tutafute kwanza ilipokwama

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na picha ya skrini uliyonitumia nimeikuza mpaka mwisho. Unasema umesakinisha Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, kazi ikaisha bila kosa, ukaambiwa uchomoe flashi na kuwasha upya. Tangu hapo nembo inatokea kidogo, kisha skrini inakuwa nyeusi na kistari kimoja kinapepesa pembe ya juu kushoto. Umesubiri nusu saa. Umesakinisha tena, ikawa vilevile. Sasa unaniuliza: "Mama, nifute kila kitu nijaribu mara ya tatu, au kompyuta hii haiwezani na Linux?"

Usifute. Na kompyuta usiihukumu bado.

Nakukataza kwa sababu yalinikuta. Nilipoanza kutumia Linux wewe ulikuwa mdogo, na mimi nilikwama hapohapo ulipokwama. Sikusoma chochote kilichoandikwa kwenye skrini. Nilisakinisha, nikasakinisha tena. Mara ya tatu, usiku, nimechoka, nilichagua diski siyo. Picha zako zote za kabla hujaanza shule zilikuwa humo, na hatunazo mpaka leo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata baada ya kufuta, kompyuta ilikwama palepale. Kasoro ilikuwa ya draiva ya michoro, yaani programu inayoiongoza kadi inayochora skrini, na draiva ileile ndiyo inayorudi kila unaposakinisha upya. Kwa hiyo kabla ya yote, washa kompyuta kwa flashi ile, fungua ile sehemu ya diski yenye kazi zako, zinakili kwenye diski ya nje. Ukimaliza hilo, endelea kusoma.

Katikati ya ujumbe wako kuna sentensi umeiandika kama jambo dogo. Unasema hata flashi yenyewe ilitoa weusi mara ya kwanza, mpaka ulipochagua mstari wenye maneno "safe graphics" ndipo eneokazi likaja. Mwanangu, hiyo ndiyo dalili kubwa kuliko zote ulizonitajia. Mstari ule huongeza neno moja, nomodeset, kwenye maagizo yanayopewa kerneli, yaani kiini cha mfumo, inapoamka. Neno hilo si lazima lihamie kwenye mfumo uliosakinishwa. Ndiyo maana flashi ilikuonyesha eneokazi na diski inakunyima.

Ngoja nikueleze kinachotokea, maana ukikielewa hutanihitaji siku nyingine. Kati ya kubonyeza kitufe na kuona eneokazi kuna mikono kadhaa inayopokezana. Famuwea ya kompyuta, yaani programu iliyomo kwenye ubao wake, siku hizi ni UEFI, huamka kwanza na kumtafuta GRUB, programu inayouanzisha mfumo. GRUB hupakia kerneli pamoja na furushi dogo la vitu vya kuanzia liitwalo initramfs. Kerneli hutambua vifaa na kuishika diski, kisha humwamsha systemd, mchakato namba 1, ambaye huwasha huduma nyingine zote. Wa mwisho ni meneja wa kuingia, anayechora ile skrini ya kuomba nywila. Kwenye Ubuntu ya kawaida huitwa GDM. Watu husema "Linux haiwaki" popote mnyororo huu unapokatika, kumbe kila kiungo kina tiba yake. Wewe umeona nembo ya Ubuntu, maana yake GRUB na kerneli walishafanya kazi yao. Umekwama karibu sana na mlango.

Jaribio la kwanza halihitaji kubadili kitu. Skrini ikiwa nyeusi, bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ikitokea skrini ya maandishi inayouliza jina la mtumiaji, shangilia: mfumo wako uko hai, diski ni nzima, ila picha tu ndiyo iliyokufa. Isipotokea, bonyeza Caps Lock uangalie kama taa yake inabadilika. Ikibadilika, kwa kawaida kerneli bado inapumua.

Kisha fanya hivi. Washa upya, na mara nembo ya mtengenezaji inapoonekana gusa Esc mara moja ili menyu ya GRUB itokee. Kwenye kompyuta za zamani zenye BIOS, famuwea ya kale, unashikilia Shift badala yake. Usiigongegonge Esc, itakuvusha menyu na kukuacha kwenye maandishi grub> matupu. Ikitokea hivyo, zima uanze tena. Ukiwa kwenye menyu, simama juu ya mstari wa Ubuntu ubonyeze herufi e. Tafuta mstari unaoanza na neno linux, nenda mwisho wake, utakuta maneno quiet splash. Yafute yote mawili, kwa sababu kazi yake ni kukuficha maandishi ambayo leo tunayataka, na mahali pake andika:

nomodeset

Bonyeza Ctrl na X. Mabadiliko haya ni ya kuwasha mara hii moja tu. Ukikosea, ukizima na kuwasha yamekwisha. Hii ndiyo sababu naipenda njia hii kwa mtu mwenye hofu.

Naamini eneokazi litatokea, likiwa zito kidogo. Herufi zinaweza kuwa kubwa, mwanga wa skrini unaweza kukataa kupunguzwa, skrini ya pili inaweza isionekane. Usidhani umemaliza. Nomodeset huizuia kerneli kuipangia kadi ya michoro namna ya kuonyesha, ikabaki na picha ya msingi iliyoachwa na famuwea. Ni gongo la kutembelea, na mguu bado umevunjika. Nimeona watu wakiliandika moja kwa moja kwenye faili la /etc/default/grub na kuishi nalo miaka, kisha wanalalamika video zinakatakata. Nisingependa uwe mmoja wao.

Sasa tuutibu mguu. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, uandike:

lspci -k

Itaorodhesha vifaa na draiva zake. Tafuta mistari yenye VGA au 3D, ndiyo ya kadi za michoro. Kompyuta yako ulisema ina kadi mbili, ya Intel na ya NVIDIA, na mchanganyiko huo ndio ninaoushuku. Kadi za NVIDIA zisipopewa draiva ya mtengenezaji hutumia nouveau, draiva huria iliyoanza kwa watu kuchunguza kadi zenyewe bila kupewa maelezo. Nawaheshimu sana kwa kazi hiyo, lakini kwenye baadhi ya kadi, hasa mpya, ndiyo inayoleta weusi. Unganisha intaneti, kisha:

sudo apt update
ubuntu-drivers devices
sudo ubuntu-drivers install

Amri ya katikati itakuonyesha draiva inayopendekezwa. Ya mwisho itaisakinisha. Hapa tulia, maana ndipo wengi huanguka. Kama Secure Boot, ulinzi unaokubali tu programu zenye sahihi inayoaminika, imewashwa (mokutil --sb-state itakuambia), huenda ukaombwa kutunga nywila. Iandike kwenye karatasi. Ukiwasha upya utaona skrini ya buluu usiyoijua. Usiiruke. Chagua "Enroll MOK", kisha "Continue", kisha "Yes", uandike ile nywila. Unachofanya ni kuiambia kompyuta kwamba ufunguo uliotia sahihi draiva ile unaaminika. Ukiiacha skrini hiyo ipite, kerneli itaikataa draiva na utarudi kwenye weusi uleule, ukiamini ushauri wangu haukufaa.

Ikiwa baada ya hapo bado ni giza, tutaacha kubahatisha tuisome shajara ya mfumo. Ingia kwa nomodeset, kisha andika:

journalctl -b -1 -p err
systemctl --failed

Ile -1 ina maana ya safari ya kuwaka iliyotangulia, yaani ile iliyokwama. Hutaziona habari zake ukiandika -b peke yake, kwa kuwa utakuwa unasoma safari hii iliyofanikiwa. Na usishtuke ukikuta mistari mingi myekundu. Kompyuta za mkononi hulalamika sana kuhusu ACPI, sehemu inayosimamia umeme na vifaa, na bado zinafanya kazi miaka yote. Tafuta mistari inayotaja gdm, nvidia, nouveau, i915 (draiva ya Intel) au drm (sehemu ya michoro ya kerneli), uangalie ya mwisho kabla ya kimya.

Kuna aina nyingine za kukwama ambazo si zako leo, nazitaja tu uzijue sura. Kompyuta ikisubiri sekunde 90 na maneno "A start job is running" ikitaja diski, kisha ikakuangusha kwenye hali ya dharura, kagua /etc/fstab, faili la orodha ya diski zinazounganishwa wakati wa kuwaka. Mara nyingi kuna UUID, namba ya utambulisho, ya diski ambayo haipo tena, na blkid itakuonyesha zilizopo. Ukiandika nywila sahihi na skrini ikakurudisha hapohapo, tazama nafasi kwa df -h, kwa sababu diski ikijaa asilimia 100 eneokazi hushindwa hata kuandika faili zake ndogo za kuanzia. Tatizo likianza mara tu baada ya kusasisha, kwenye menyu ya GRUB ingia "Advanced options for Ubuntu" uchague kerneli ya zamani. Haifutwi papo hapo kwa sababu hiyo hasa.

Umeuliza pia kama faili la usakinishaji linaweza kuwa bovu. Linaweza, na hapo ndipo kusakinisha upya kuna haki yake. Andika sha256sum ukifuatisha na jina la faili la ISO, ulinganishe na namba iliyotolewa pale ulipolipakua. Herufi moja ikitofautiana, lipakue upya. Lakini kwako usakinishaji ulifika mwisho mara mbili bila kulalamika na ukakwama mahali pamoja mara zote mbili, kwa hiyo sidhani.

Kesho jioni nitakupigia. Uwe umeshanakili kazi zako, na uwe umejaribu Ctrl, Alt na F3 pamoja na nomodeset. Nipigie picha mistari ya lspci -k yenye kadi zote mbili na ule uliopo chini yake unaoanza na "Kernel driver in use". Draiva usiiguse kama unaogopa ile skrini ya buluu. Tutaivuka pamoja nikiwa kwenye simu.

Mama yako